Jani Lililogeuka Jiwe: Kusoma Hali ya Hewa ya Kale Kabatini

Karibuni. Kabla hatujagusa mawe, shikeni majani haya mawili yaliyochumwa hapo nje. La mwembe: pitisha kidole ukingoni, ni laini toka kikonyo hadi ncha. La mwarobaini: kila kipande kina meno ya msumeno. Hicho ndicho kipimajoto chetu. Mwaka 1915 wanabotania Bailey na Sinnott walionyesha kwamba nchi ikizidi joto, miti yenye ukingo laini nayo huzidi.

Hesabu aina za miti, si majani. Ukiwa na aina 30 na 18 kati yake zina ukingo laini, hiyo ni 0.6. Zidisha kwa 30.6, jumlisha 1.14: wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 19.5 za Selsiasi. Kanuni hii ilitokana na misitu ya Asia ya Mashariki, basi uwapo Singida itumie kwa hadhari. Tena miti ya kandokando ya maji huwa na meno zaidi, na visukuku vingi, yaani majani yaliyogeuka jiwe, vilizikwa majini. Jibu hutoka baridi kuliko ukweli.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni la mkusanyaji. Huchukua jani zima la kupendeza, vipande akavitupa. Majani mapana, dalili ya mvua nyingi, ndiyo huchanika kwanza. Droo ikibaki na madogo matupu, utaapa nchi ilikuwa kame.

Mahenge, huko Singida, tope la ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, limetunza majani ya miaka takriban milioni 46. Jamii ya mikunde imetawala, na picha inayopatikana ni ya pori linalofanana na miombo, si msitu mnene.

Jiwe likipasuka hutoa pande mbili. Zipe namba moja, a na b, kwa wino juu ya jiwe lenyewe; karatasi ya kufungia hupotea. Andika na tabaka la mwamba lilikotoka. Jani lisilo na tabaka ni pambo la mezani. Vanishi usipake: huziba ngozi ya jani, ambako vinyweleo, vitundu vya kupitishia hewa, huhesabiwa ili kukadiria kabonidioksidi ya zamani.

Halafu kuna unyevu wa Dar. Jiwe lenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, unyevu wa hewa ukipita asilimia 60, huanza kumomonyoka na kutoa asidi inayokula hata lebo. Lifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na chembe za silika zinazobadili rangi. Zikibadilika, zikaushe ovenini, zirudishe.