Yakini Inayouzwa

(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Masheikh wangu, wachungaji, walimu, wazee wa Ujiji, na nyie vijana mliobanana pale mlangoni ili mtoroke mapema, nawaona. (Kicheko.)

Swali nililopewa ni hili: mtu mwenye imani isiyo na chembe ya shaka, je, ndiye mwepesi wa kumwaga damu? Najua mawazo yenu yamekimbilia wapi. Yamekwenda kwenye bomu la ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, au Kanungu kule Uganda, Machi 2000, kanisa lilipowaka moto na waumini mamia wakiwa ndani. Mimi nitaanzia karibu zaidi, kwenye vikongwe wanaouawa huku kwetu magharibi na kanda ya ziwa kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mama amepuliza moto wa kuni miaka hamsini. Macho yawe ya rangi gani?

Mchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2005 utafiti wake wa wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mwaka ambao mvua ziliharibika, ama kwa ukame ama kwa mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikaribia mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono uliowaua ulitoka ndani ya ukoo.

Hebu litazameni hilo. Imani ya uchawi haipungui masika yakiwa mazuri. Anayeamini mwaka wa neema ndiye yuleyule wa mwaka wa njaa. Yakini ilikuwa ileile; kilichobadilika ni ghala.

Sasa twende nyumbani kwa mfiwa. Mtoto wake amekufa ghafla. Baba hajui kwa nini, na kutojua huko kunamnyima usingizi. Anafunga safari kwa mpiga ramli. Angekuwa na uhakika, nauli ya nini? Anarudi na jina. Halafu anatafutwa mkata mapanga, na huyo hana imani yoyote na jambo lenyewe, ana bei tu. Mmoja ana shaka, wa pili anauza yakini, wa tatu anafanya kibarua. Yule muumini thabiti tuliyekuja kumhukumu leo simwoni. Serikali nayo, Januari 2015, katikati ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Ilimlenga muuzaji.

Na kamchape je, wale wasaka wachawi wa kukodiwa? Msicheke, wapo. Kijiji kinachochangishana fedha kuwaita kamchape ni kijiji ambacho kila mtu anamtazama jirani kwa jicho la pembeni. Wanachonunua ni kuondolewa wasiwasi.

Ng'ambo ya mpaka ilikuwa hivyohivyo, kwa mizani ya kutisha. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo 1993, iliwaambia wasikilizaji kwamba Watutsi wanakuja kuwamaliza. Ilichukua hofu ya watu ikawarudishia majina. Mpiga ramli mwenye mnara.

Sheikh hapa mbele anatikisa kichwa, na ana haki. Wale wa 1998 hawakuwa na shaka. Nakubali, yakini ya namna hiyo ipo na inaua. Lakini Wakweka wa Uingereza, dhehebu la Kikristo, tangu karne ya 17, walikuwa na yakini ya chuma kwamba Mungu amewakataza kushika silaha. Wakafungwa jela, hawakuzishika. Na shaka, je, inazuia mkono? Mwaka 1961, chuo kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwaamuru watu wa kawaida wampige mwenzao shoti za umeme ambazo, bila wao kujua, zilikuwa za uongo. Walitoka jasho, walitetemeka, waliomba waache. Katika jaribio linalojulikana zaidi, 26 kati ya 40 walifika swichi ya mwisho, volti 450. Shaka walikuwa nayo tele.

Ndiyo maana simwogopi anayesema Mungu wake ni wa kweli. Namwogopa asiyejua kilichomuua mwanawe, akakutana na mtu aliye tayari kumtajia jina kabla ya matanga kuanuliwa. Mkinialika kijijini kwenu palipotajwa mchawi, sitauliza mnaamini nini. Nitauliza nani alitangulia kulitaja jina, alilipwa kiasi gani, na shamba la yule bibi anakwenda kulima nani.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama.