Rangi Tunayo, Kanda Ziko Wapi?

Ahsante mwenyekiti. Utambulisho wako umekuwa mrefu kuliko mhadhara wenyewe, basi niingie moja kwa moja.

Kila nikialikwa kuzungumzia televisheni ya miaka ya sabini, anayenitangulia husema Zanzibar ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kurusha picha za rangi, mwaka 1973. Ukumbi hupiga makofi. Leo pia mmepiga. Sikatai. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilianza rasmi tarehe 5 Januari 1976. Bara ndiyo kabisa, hadi 1994. Haya, mwenye dakika moja tu ya kipindi cha 1975 nyumbani kwake anyooshe mkono.

Nasubiri.

Kwetu hakukuwa na televisheni. Jirani alikuwa nayo. Baada ya Magharibi hutandikwa jamvi, watoto mbele, kina mama nyuma, dirishani vichwa vimebanana. Usiku mmoja wakaoneshwa wapiga taarabu, na bibi yangu akamwona mpiga fidla anayemjua. Yule bwana akainamisha kichwa, bibi akainuka akamwitikia salamu! Tulicheka mpaka tukatolewa nje. Bibi akasema, "Chekeni. Kanitazama mimi."

Miaka mingi baadaye nilikwenda kituo kimoja, sikitaji, msinichokoze, kuuliza kanda ya usiku ule. Kijana wa stoo, mwenye adabu zake, akanambia, "Mzee, zile zilirekodiwa mpira juu yake." Mpira gani? Hajui. Na huo mpira nao ulirekodiwa kitu kingine juu yake.

Naona mtu pale anatikisa kichwa: umasikini wetu huo. Hapana, bwana! BBC ya London ilifuta kanda zake mpaka 1978. Kanda ya video ilikuwa ghali na inarekodika tena, na kwa mhasibu, kipindi kilichokwisha kurushwa ni kanda iliyokaa bure. Mchezo wao wa televisheni, Doctor Who, wanaoupenda kama sisi tunavyopenda urojo, umepoteza vipande zaidi ya tisini vya miaka ya sitini. Na mnajua tisa vilivyotangazwa kupatikana mwaka 2013 vilikuwa wapi? Jos, Nigeria! Nakala za filamu zilizouzwa ng'ambo, zimekaa stoo ya kituo cha televisheni. Mwenye mali kafuta, mteja kabaki nayo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitupa. Hadithi hii nimeisimulia mara ngapi? Nitaisimulia tena mwakani.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikuwa na la haki za wasanii na la kanda za redio, ambazo hali yake si nzuri zaidi. Hayo tuyaache. La sheria nalo tuliache, wanasheria wenyewe hawakuja.

Ila moja siliachi. Wengine humu baba zenu walikuwa mafundi mitambo. Fungueni masanduku ya wazee. Mkikuta kanda au filamu, msiioshe, msiianike juani, na kwa jina la Mungu msiitie kwenye mashine kuona kama inafanya kazi. Kanda yenye ukungu huchunika mara moja tu. Nipigieni simu mimi kwanza, hata usiku.