Rufaa ya usiku: safari kutoka zahanati hadi chumba cha upasuaji

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, na ndugu zangu mlioacha shughuli za shamba kuja kunisikiliza:

Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, yaani MMAM, ulioanza hapa Tanzania mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yaliyotokana na mpango huo siyadharau hata kidogo, kwa maana mama aliyekuwa akitembea nusu siku na mtoto mwenye homa mgongoni leo anapata kipimo cha malaria na dawa ya mseto karibu na kwake. Hata hivyo, zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezewa mgonjwa, na hapo ndipo wazazi wetu wanapopotea.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kinga yake ya kwanza ni sindano ya oksitosini, ambayo hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu likikaa siku nyingi bila umeme, mkunga atachoma dawa iliyopungua nguvu huku akiamini ni nzima, kwa kuwa kwa macho hazitofautiki. Damu isipokata, inabaki rufaa, na rufaa ni chombo cha usafiri, dereva aliye macho na barabara inayopitika.

Namba 115 ya m-mama, yaani mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambayo hupigwa bila malipo, imesaidia sana, kwa sababu pale ambapo gari la wagonjwa halipo huitwa dereva wa jamii ambaye hulipwa na mfumo, si na familia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Lakini dereva huyo hawezi kuvuka korongo lililofurika wakati wa masika.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, mtakapokaa kupanga bajeti, ninawaomba kabla ya kuidhinisha zahanati nyingine mziulize zilizopo mambo mawili: jokofu linawaka kwa umeme gani, na mwezi Aprili, saa nane za usiku, gari linapita wapi?