Topetope Kombo na Ukoo wa Ua Lake

Ndugu zangu wa Lindi, litazameni topetope hili: upande mmoja limejaa, wa pili limebonyea. Wengi husingizia ukame. Mimi nasema tuanze na ua.

Shuleni mimea ya maua hugawanywa monokotiledoni (huota na jani moja, na ua huhesabika kwa tatu) na dikotiledoni (huota na majani mawili), basi. Mtopetope haukai vizuri humo. Mche wake huota na majani mawili, lakini ua lake huhesabika kwa tatu: sepali (vijani vya nje vya ua) tatu, petali nene tatu, na petali za ndani tatu ambazo ni ndogo mno au hazipo kabisa. Mpangilio wa APG IV wa mwaka 2016, ambao wataalamu wa mimea hutumia kupanga koo za mimea ya maua, unauweka kwenye magnolidi, tawi lililojitenga mapema, nje ya dikotiledoni halisi. Yungiyungi walijitenga mapema zaidi. Jamaa wa mtopetope mnao jikoni: parachichi, mdalasini, pilipili manga, na kungumanga aliye karibu zaidi. Pasueni mbegu ya topetope kwa urefu. Kiini cheupe kimechanwa na mikunjo ya kahawia, sawasawa na kungumanga. Hata mkilua wa kina mama, wenye ua la kunukia, ni wa familia moja na mtopetope, na jenasi yake kitaalamu inaitwa Mkilua, jina letu lilivyo.

Sasa ubonyevu. Katikati ya ua kuna koni ya kapeli nyingi, yaani vijumba vya kike, kila moja na kijiyai kimoja cha kuwa mbegu. Kila kigamba cha topetope kilikuwa kapeli. Isiyopata chavua haivimbi, na tunda hupinda hapo.

Na chavua hukosekana kwa sababu ua huanza kuwa jike, likafuata kuwa dume. Likimwaga chavua, stigma zake, yaani ncha za kapeli zinazopokea chavua, zimekwisha kukauka. Mbebaji ni mbawakawa wadogo, na shamba lililopulizwa dawa ovyo halinao.

Basi saidieni kwa mkono. Jioni chumeni maua yaliyofunguka wazi, ambayo stameni zake (sehemu za kiume zenye chavua) zimeanza kugeuka rangi, muyalaze kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, chavua ikagandamana. Asubuhi, jua halijakali, tafuteni maua yaliyofunguka nusu, yenye stigma zinazong'aa na kunata. Chovyeni brashi laini kwenye chavua ya jana, muipitishe kuzunguka koni yote. Mkigusa upande mmoja tu mtavuna kombo lilelile. Stigma ikiwa kavu, liacheni ua hilo, mwende kwenye jingine.