Mshipa Unaojilegeza: mhadhara kwa wakulima wa kakao, Kyela

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi.

Hii niliyoshika ni mbegu ya kakao ya leo leo kutoka shambani, haijavundikwa. Nimeipasua kwa kisu, naomba ipite mkono kwa mkono. Mnaiona hiyo zambarau? Atakayeweza amumunye kidogo: ni chungu, na inakaza ulimi. Mnunuzi akipasua akakuta hivi, anasema mbegu haijaiva kwenye majani ya mgomba, na bei inashuka. Mimi kama muuguzi, uchungu huo ndio ulionileta. Unatokana kwa sehemu kubwa na flavanoli, kemikali za asili za mimea, ambazo zimo pia kwenye chai ya wenzetu wa kule juu Tukuyu.

Mshipa wa damu si bomba. Ukuta wake una misuli inayobana na kulegea, na ndani kabisa umetandikwa utando wa seli, safu moja tu. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alieleza alichokiona kwenye vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Kipande chenye utando mzima kilipotiwa kemikali ya asetilikolini kililegea. Kilichokwanguliwa utando kiligoma. Kumbe utando ndio unaotoa amri! Baadaye ikajulikana kwamba amri yenyewe ni hewa, nitriki oksaidi, inayodumu sekunde chache tu. Ikiingia kwenye misuli, misuli inaachia, njia inapanuka, damu inapita kwa wepesi. Kwa kazi hiyo Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Flavanoli huusaidia utando huo kutoa hewa hiyo zaidi. Mboga za majani zina njia nyingine. Mchicha una kemikali ya asili iitwayo naitreti, tena nyingi; ukishaliwa, sehemu yake hurudi mdomoni kupitia mate, na bakteria wa kwenye ulimi huigeuza kuwa naitriti, ambayo mwilini huzaa hewa ileile. Kwa hiyo akina mama, mnafu tunauchemsha na kumwaga maji kwa sababu ya uchungu wake, sawa. Lakini mchicha umekosa nini? Ukimwaga maji yake, naitreti nyingi imekwenda nayo.

Sasa msikimbilie chokoleti ya dukani. Kuvundika, kuanika na kukaanga kunapunguza flavanoli, na kakao iliyotiwa magadi kiwandani ili iwe nyeusi na laini hubakiwa na chache zaidi. Halafu kuna sukari.

Je, moyo unapona? Marekani walifuatilia watu wazima 21,442 kwa zaidi ya miaka 3. Nusu walimeza kila siku vidonge vya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli, nusu vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Ukijumlisha matukio yote ya moyo na mishipa, tofauti haikutosha kuthibitisha kitu. Vifo vya moyo na mishipa peke yake vilipungua kwa asilimia 27, lakini hilo halikuwa swali kuu la utafiti, na watafiti wenyewe walitaka lipimwe tena. Mimi nasimama hapo hapo: kuna matumaini, dawa bado.

Nasema hivi kwa uchungu. Shangazi yangu aliacha vidonge vya presha baada ya muuzaji mmoja wa unga wa majani kumwambia mishipa yake imeshafunguka. Hakusikia kuumwa popote. Presha ndivyo ilivyo. Asubuhi moja tulimkuta kaanguka mlangoni, upande wa kulia umepooza, anataka kutuita majina na ulimi hautii. Mboga alikuwa anakula, chai alikuwa anakunywa. Vidonge ndivyo vilivyokosekana. Wewe unayevitumia, endelea navyo, na mchicha uwe pembeni yake kwenye sahani, chumvi kidogo.

Kipimo cha presha kiko pale mezani. Ukifika, kaa dakika 5 kimya, miguu chini, mkono juu ya meza. Tuanze na wazee.