Kabla Hujanunua Sensa ya Gurudumu

Mafundi wenzangu, nanyi mnaoanza kushika spana, karibuni. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna gari moja niliwahi kulibadilisha mara mbili sensa ya gurudumu la mbele kushoto, kile kifaa kinachoiambia kompyuta kasi ya gurudumu. Skana, mashine ya kusomea hitilafu za gari, ilikuwa imeitaja waziwazi. Nikafunga mpya, taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, ikazima siku mbili, ikarudi. Nikajua nimeuziwa mbovu, nikafunga nyingine. Ikarudi tena. Kumbe sensa zote tatu zilikuwa nzima, hata ile ya kwanza niliyoitupa. Mgonjwa alikuwa huyu hapa mkononi mwangu.

Kitazameni kipande hiki cha waya. Ganda halina hata mkwaruzo. Sasa nakivuta taratibu. Mnaona? Kinarefuka kama mpira wa manati. Waya mzima hauvutiki hivi, shaba ya ndani huuzuia. Hapa shaba imekatika zamani na kilichobaki ni ganda tu. Nilikikata pale waya unapoacha shokapu kuingia kwenye bodi, mahali panapopinda kila ukikata kona na kila gurudumu likiangukia shimo. Gari likizeeka, mimi huanzia hapo.

Ukisoma kwenye skana msimbo wa hitilafu kama C0035, unazungumzia saketi ya sensa ya mbele kushoto. Lishikeni hilo neno, saketi. Ndani yake mna sensa, nyaya mbili, plagi na kompyuta yenyewe. Skana imekuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta wewe.

Sasa, lazima ujue una sensa ya aina gani. Magari mengi ya zamani yana ile ya koili, yaani waya uliozungushwa kwenye sumaku, aina iliyokuwamo hata kwenye ABS ya Bosch ilipoingia katika Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Hailishwi umeme. Mbele yake kuna pete ya meno, na kila jino likipita koili huzalisha umeme kidogo unaopanda na kushuka. Pete ya meno 48 ikizunguka mara moja kwa sekunde, kompyuta inahesabu mawimbi 48. Magari ya baadaye yana sensa inayolishwa umeme na kujibu kwa mkondo, takriban miliampia 7 na 14 kwa kupokezana. Hiyo usiipime kwa omu, yaani ukinzani wa umeme, haitakwambia kitu na unaweza kuiharibu. Leo nabaki na ya koili.

Zima swichi. Kisha usikimbilie chini ya gari! Nenda kwenye kompyuta ya ABS, chomoa plagi, upime omu kwenye zile pini mbili za gurudumu hilo. Ukipima pale, umepima sensa na waya wake wote kwa mkupuo mmoja. Ukipima kwenye sensa peke yake utapata jibu zuri na gari litabaki bovu, kama mimi. Koili nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,500, lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni gurudumu la upande wa pili: zikitofautiana sana, kuna neno. Mita ikiwa bado imeshikilia, mwombe mwenzako atikise waya pale kwenye shokapu na azungushe usukani mwisho hadi mwisho. Namba ikiruka au ikipotea, umeshampata.

Halafu weka ncha moja ya mita kwenye pini na nyingine kwenye bodi. Mita isisome chochote. Ikisoma, ganda limechubuka mahali, waya unagusa bodi.

Ukiona omu ziko sawa, nyanyua gurudumu kwa jeki na stendi, geuza mita kwenye volti za AC, ule umeme unaopanda na kushuka, narudia, AC, kisha zungusha kwa mkono kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Tarajia milivolti 100 au zaidi, na zipande ukiongeza kasi. Hapo ndipo utakapoona tatizo lisilo la umeme kabisa. Kutu ikijaa chini ya sensa huisukuma mbali na pete, na nafasi inayotakiwa hapo ni kama milimita moja tu. Beringi iliyolegea huyumbisha nafasi hiyo hiyo. Pete nayo hupasuka. Dereva atakwambia, "Pedali inanitetema nikikaribia kusimama, na barabara ni kavu." Huyo msikilize sana. Mwendo ukiwa mdogo umeme wa koili ni hafifu, hivyo gurudumu lenye sensa dhaifu huonekana limeganda wakati bado linazunguka, na ABS inaliachia breki bure.

Kuhusu kuunga waya: kusokota na kufunga tepu, hapana. Na ukilehemu palepale panapopinda, patakatika pembeni ya risasi ya kulehemia. Kata mbali na hapo, ingiza waya mpya laini, lehemu, ziba maji yasiingie. Nyaya mbili zikiwa zimesokotana, zirudishe zimesokotana, ndivyo zinavyokwepa kelele za umeme wa jirani.

Sasa sogeeni mezani. Habu hii, kitovu cha gurudumu, ina pete yenye ufa, mita iko kwenye AC. Kijana, zungusha polepole, na ninyi wengine mwangalie namba itakapoyumba.