Kwa Wabudha wa Wimbledon: maji ya marehemu

Asalaam aleikum, hamjambo huko nyumbani? Leo niko Wimbledon, London, nje ya geti la Buddhapadipa, hekalu la Wathai. Lilianza mwaka 1966 huko East Sheen, baadaye likahamia huku. Ndani sikurekodi, watu walikuwa kwenye ibada.

Shangazi ameshanipigia: "Mwanangu, umebadili dini?" Hapana, shangazi. Jirani yangu Mthai alikuwa anamtolea sadaka marehemu mama yake, akaniomba nimsindikize. Nimekwenda kama ninavyokwenda kwa jirani yeyote mwenye hitima.

Viatu unaacha nje. Kizingiti unakiruka, hukikanyagi. Ukikaa chini unakunja miguu upande, kwani kuelekezea nyayo sanamu ya Buddha au watawa ni kukosa adabu. Sisi wanawake hatumpi mtawa kitu mkononi: anatandaza kitambaa mbele yake, unaweka sahani juu, naye anaipokea hapo. Na chakula kinatolewa mapema, maana jua likishapita utosini watawa hawali tena mpaka kesho yake.

Sasa hili ndilo lililonifanya niwashe kamera. Watawa walipomaliza kula, mkubwa wao akaanza kusoma peke yake kwa Kipali, lugha ya maandiko yao. Papo hapo jirani yangu akashika kibirika kidogo, akawa anamimina maji bakulini polepole, mchirizi usikatike. Maneno yale yanasema: kama mito inavyojaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliokufa. Watawa wengine wakapokea kisomo, naye akamalizia maji yote. Kisha akatoka nje kuyamwaga kwenye shina la mti. Thawabu za chakula kile ameshamkabidhi mama yake.

Mimi ni Mwislamu, na bibi yangu aliyezikwa Tanga namwombea kwa dua zangu. Lakini nimemwona mtoto anavyomhangaikia mzazi aliyetangulia, na nawaomba kwa dhati tuache kusambaza zile video za kuwacheka watu hawa eti wanaabudu masanamu. Walipoinama mara tatu hadi sakafuni, nilibaki nimekaa kimya. Hakuna aliyenilazimisha, wala aliyeninunia. Tena wakanipakulia wali!

Mlioko Dar es Salaam, Wabudha wenye asili ya Sri Lanka wana hekalu lao hapo mjini. Mkitaka kwenda, ombeni ruhusa kwanza, vaeni nguo za kusitiri mabega na magoti, na kama mnapeleka chakula, mfike asubuhi.